Sura ya Sita: Kuijua Ila ya Injini kwa Geji ya Ombwe

Swali ambalo wenye magari huliuliza kila siku, awe mwenye teksi wa Tanga, mwalimu wa Morogoro aliyenunua gari lake la kwanza kwa mkopo, ama muuza mbao wa Njombe, ni hili: “Gari langu latetemeka likisimama kwenye taa, mlimani halina nguvu, na mafuta linakunywa kupita zamani, fundi wa kwanza kasema plagi, wa pili kasema pampu ya mafuta, wa tatu ataka kuifungua injini yote. Nitamjuaje mkweli kabla sijatoa fedha zangu?”

Ni swali la haki. Kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, hata mwenye gari akajikuta amenunua nusu ya injini mpya ilhali ila ile ile ya mwanzo ingalipo, ni dhuluma, hata kama aliyeitenda hakuikusudia. Maana fundi naye, akikosa kipimo, hana budi kutegemea dhana, na dhana ya mtu anayeharakishwa na mteja aghalabu haiwi thabiti. Sura hii inahusu kipimo kimoja cha kale, rahisi, kisichotumia umeme wala kompyuta, ambacho kwa muda wa robo saa chaweza kuzibainisha ila za uvujaji wa hewa, za valvu, za ringi, za taimingi na za ekzosi, pasipo kuifungua injini. Kipimo hicho ni geji ya ombwe, ambayo katika gereji nyingi huitwa geji ya vakyumu.

Ombwe hutoka wapi?

Ombwe ni upungufu wa hewa mahali palipofungwa, hata shinikizo la hewa iliyomo ndani likawa dogo kuliko la hewa ya nje. Katika injini ya petroli ombwe hujizalisha lenyewe. Pistoni inaposhuka ndani ya silinda, na valvu ya kuingizia hewa ikiwa wazi, huivuta hewa kupitia menifoldi, yaani lile fungu la mabomba linaloigawa hewa kwa kila silinda. Na hewa hiyo, kabla ya kuingia menifoldini, sharti ipite kwenye kilango cha duara kinachotawaliwa na pedeli ya mafuta. Dereva akiuondoa mguu wake, kilango hukaribia kujifunga, lakini pistoni haziachi kuvuta; basi hewa ya menifoldini hupungua, na ombwe hupatikana. Yeyote aliyeuziba kwa kidole mdomo wa bomba la sindano lisilo na sindano yake, kisha akauvuta mpini nyuma, ameuhisi uvutano huo huo katika ncha ya kidole chake. Na akikilegeza kidole kidogo tu, mara huona jinsi mpini unavyokuwa mwepesi.

Ndipo ilipo faida ya kulipima ombwe. Kila ila inayoidhoofisha injini ina namna yake ya kulipunguza au kulitikisa: gasketi iliyopasuka huingiza hewa isiyopitia kilangoni, ringi zilizolika huipunguzia pistoni nguvu ya kuvuta, valvu iliyoungua huvujisha kilichokwisha kuvutwa, na ekzosi iliyoziba huuzuia moshi kutoka, hata hewa mpya ikakosa nafasi ya kuingia.

Ombwe husomwa kwa inchi za zebaki, na istilahi hii yahitaji maelezo. Mtaliano Evangelista Torricelli, katika barua aliyoiandika mwaka 1644, alieleza jinsi bomba la kioo lililojazwa zebaki likipinduliwa ndani ya bakuli la zebaki lisivyomwagika lote, bali zebaki husimama kwa kimo fulani, kwa kuwa uzito wa hewa ya nje huisukuma juu. Na kimo hicho, kwa usawa wa bahari, ni takriban inchi 30, yaani milimita 760. Kwa hiyo geji ikisoma 20, maana yake shinikizo la menifoldini limepungukiwa na lile la nje kwa kiasi cha kuinyanyua zebaki inchi 20. Ndani ya geji yenyewe hamna zebaki. Mna kijibomba bapa cha shaba kilichopindwa mfano wa herufi C, ambacho Mfaransa Eugène Bourdon alikipatia hataza, yaani haki ya mbunifu, mwaka 1849: hewa ikivutwa kutoka ndani yake hujikunja zaidi, na mkunjo huo, ujapokuwa mdogo mno, hukuzwa na magurudumu ya meno hata ukauzungusha mshale.

Namna ya kuifunga geji

Injini ipashwe moto kwanza hata kipimo cha joto kitulie mahali pake pa kawaida, kwa sababu injini baridi huendeshwa na kompyuta yake kwa kiasi kingine cha mafuta na hewa, na nambari zake hazitegemewi. Kiyoyozi na taa zizimwe. Kisha utafutwe mpira wa ombwe unaotoka kwenye menifoldi yenyewe, baada ya kilango. Mpira ulio kabla ya kilango hausomi kitu injini inapokuwa katika sailensa, yaani ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama na mguu hauko kwenye pedeli, na wengi wamezitupa geji nzima kwa kosa hili.

Mpira ulio rahisi kuupata, karibu katika kila gari la petroli, ni ule mnene uendao kwenye sevo ya breki, lile dumu jeusi la duara linalomsaidia dereva kukanyaga. Geji huungwa hapo kwa kiungo cha njia tatu, upande wa injini wa ile valvu ndogo inayoizuia hewa isirudi, kwani ikiungwa upande wa pili mshale utashikiliwa na ombwe lililohifadhiwa ndani ya sevo na hautaonyesha mtikisiko wowote. Jaribio likiisha mpira urudishwe na kubanwa sawasawa, kwa maana ukiachwa umelegea breki zitakuwa ngumu, na hilo ni jambo la roho za watu.

Geji nyingine huruka kwa kila mvuto wa silinda hata kwenye injini iliyo nzima. Dawa yake ni kuubinya mpira wake kwa vidole au kwa kibanio, taratibu, mpaka mrukoruko wa kawaida uishe na mtikisiko wa ila pekee ubaki ukionekana. Aidha, mwenye kupima asiwe na mikono ya shati inayoning'inia karibu na mikanda, na akumbuke kwamba feni ya umeme huanza kuzunguka yenyewe bila kutoa habari.

Mshale uliotulia

Injini nzima ya petroli, ikiwa katika sailensa ya mizunguko 700 hadi 850 kwa dakika, kwa usawa wa bahari, husoma kati ya inchi 17 na 21, na mshale wake husimama kimya. Sehemu zote mbili za sentensi hii zina uzito, walakini ya pili ina uzito zaidi. Nambari hutofautiana kwa aina ya injini na kwa mahali. Ama mwendo wa mshale, huo ndio unaotaja ila kwa jina lake, na fundi anayetazama nambari tu, kisha akaigeukia kazi nyingine, ameacha nusu ya maarifa juu ya kioo.

Mshale ukitulia, lakini chini ya kiasi, washukiwa ni watatu. Wa kwanza ni uvujaji wa hewa: gasketi ya menifoldi, mpira uliopasuka, au sevo ya breki yenyewe iliyotoboka. Uvujaji mkubwa waweza kuushusha mshale hata chini ya inchi 5. Mipira ibinywe mmoja mmoja, na ule ambao mshale hupanda unapobinywa ndio wenye hatia; kwenye maungio ya menifoldi hunyunyizwa maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, na mahali ambapo injini hubadili sauti kwa nukta moja, maji yanapoziba ufa, ndipo pa kufungua. Petroli isitumiwe kwa kazi hii kabisa, kwani ekzosi ya moto haiko mbali.

Mshukiwa wa pili ni cheche ya plagi inayokuja kwa kuchelewa, ambayo huushusha mshale kidogo, aghalabu kwenye 14 hadi 17. Na wa tatu ni taimingi ya valvu, yaani mapatano kati ya kupanda na kushuka kwa pistoni na kufunguka kwa valvu. Natulie hapa kidogo, maana ila hii huwatesa watu wengi. Mwenye teksi amebadilishiwa mkanda wa taimingi kwa wakati wake, kama vitabu vinavyoagiza. Gari limewaka, halitikisiki, halitoi moshi, bali nguvu imekwenda. Anaambiwa pampu ya mafuta imechoka. Anainunua. Anaambiwa plagi si za asili. Anazinunua. Lau geji ingefungwa siku ile ile ya kwanza, mshale ungesimama kimya kwenye 10 au 12, na utulivu huo ndio ungekuwa ushahidi: silinda zote zimepungukiwa sawasawa, hakuna iliyo na ugonjwa wake peke yake, na uvujaji ukishatafutwa bila kuonekana, imebaki dhana moja yenye nguvu, kwamba mkanda umefungwa ukiwa umeruka jino. Alama zikaangaliwe kabla ya kununua chochote.

Mshale unaocheza

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda huvuta hewa mara 400, yaani mara 6 au 7 kwa sekunde, kwa sababu kila silinda huvuta mara moja tu katika mizunguko miwili. Hesabu hii ndogo ni ufunguo. Ikiwa valvu moja imeungua ukingo wake na haizibi, mshale huanguka inchi kadhaa kila zamu ya silinda ile ifikapo, na hurudi, na huanguka tena, kwa mpigo wa haraka ulio sawa, kama mara 6 au 7 kwa sekunde, bila kukosa hata mmoja. Jicho haliwezi kuhesabu, lakini laweza kuona kwamba mpigo ni wa kanuni. Mshale ukianguka mara moja moja pasipo kanuni, basi huenda ni valvu inayonata, au plagi inayomisi, yaani inayokosa kuchoma mara kwa mara.

Plagi iliyokufa kabisa nayo huweza kuutikisa mshale kwa mpigo wa kanuni, ingawa kwa anguko dogo zaidi. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mtu kufungua silinda hedi, plagi na koili za silinda inayoshukiwa zihamishiwe silinda nyingine. Ila ikihama, ni ya umeme. Ikibaki, geji ya kompresheni, yaani ya kupimia mgandamizo ndani ya silinda, itumiwe kwenye silinda ile, nayo itatoa hukumu.

Dalili nyingine nitazitaja kwa mkato:

– Mshale unatetemeka upesi katika sailensa, na unatulia mwendo wa injini unapoongezwa: vijibomba ambamo miguu ya valvu hupanda na kushuka vimelika.
– Mshale umetulia katika sailensa, lakini unatetemeka zaidi kadiri mwendo unavyoongezwa: springi za valvu zimelegea.
– Mshale unaanguka kwa kishindo, inchi 10 au zaidi, kwa mpigo wa kanuni: gasketi ya silinda hedi imeungua kati ya silinda mbili zinazopakana.
– Mshale unaelea polepole juu na chini kwa inchi 4 au 5: mchanganyiko wa mafuta na hewa si sawa, au nafasi ya plagi ni ndogo kupita kiasi.

Kwa muhtasari wa tuliyokwisha kuyaona: mshale uliotulia chini hushtaki kitu kinachozihusu silinda zote, mshale unaocheza kwa kanuni hushtaki silinda moja au mbili, na mshale unaoelea hushtaki mchanganyiko.

Kukanyaga ghafla, na kuushika mwendo

Yamebaki majaribio mawili, na yote mawili hufanywa kwa mguu. La kwanza huzipima ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni na kuziba nafasi kati yake na ukuta wa silinda. Pedeli ikanyagwe ghafla kisha iachwe mara. Kilango kikifunguka wazi, ombwe hutoweka na mshale huanguka karibu na sifuri. Kikifungwa ghafla ilhali injini ingali yazunguka kwa kasi, pistoni huvuta kwa nguvu zote katika njia iliyozibwa, na mshale huruka kupita mahali pake pa mwanzo, hata 24 au 25, kabla ya kurudi. Injini ambayo ringi zake zimelika haifiki huko. Mruko wake huishia kwenye 20 au 22, au hata kidogo zaidi ya pale ulipoanzia. Pasipo moshi wa buluu na upungufu wa oili kuthibitisha, mtu asikimbilie kuifungua injini kwa jaribio hili pekee, lakini mruko ukiwa mzuri anaweza kulala usingizi kuhusu ringi zake.

La pili huipima ekzosi. Katika bomba la ekzosi la magari ya miaka hii imo sehemu yenye matundu madogo mengi ya kusafishia moshi, ambayo mafundi wa kwetu huiita masega, na masega yakiyeyuka au kuvunjika huziba njia. Gari la namna hii huwaka vizuri, hutulia vizuri katika sailensa, hukimbia vizuri mjini. Likifika mlima wa Kitonga ama kwenye mteremko wa Mai Mahiu likiwa linapanda, hufa nguvu kana kwamba limekamatwa nyuma. Katika sailensa geji nayo husoma sawa, kwa kuwa moshi ni kidogo na unapata pa kupenya. Basi mwendo upandishwe hadi mizunguko 2,500 na ushikwe hapo, bila kuyumba, huku mshale ukitazamwa. Katika injini nzima mshale hushuka kidogo mguu unapokanyaga, kisha hurudi na kukaa. Katika ekzosi iliyoziba hurudi, kisha huanza kushuka polepole, inchi baada ya inchi, kadiri moshi unavyojirundika. Na mguu ukiondolewa huchelewa kupanda. Mtu asiyeisubiri kwa muda wa dakika moja hataiona dalili hii. Akiisha kuiona, alegeze bolti za ekzosi mbele ya masega, moshi upate kutoka, arudie jaribio. Mshale ukikaa, amekwisha kuipata ila, na hakuna aliyenunua pampu ya mafuta.

Nambari za vitabu na miinuko ya nchi zetu

Nambari zote nilizozitaja ni za usawa wa bahari, kwa kuwa ndivyo vitabu vya magari vinavyoziandika, na hapa pana mtego ambao umewaponza mafundi waaminifu. Geji haipimi hewa ya menifoldini peke yake. Yaipima kwa kuilinganisha na hewa ya nje, na hewa ya nje huwa nyepesi kadiri nchi inavyoinuka. Kwa kila mita 300 za kupanda, usomaji hupungua kwa takriban inchi moja.

Tufuate gari moja lisilo na ila yoyote, linalosoma 19 pale Mombasa. Likifikishwa Kampala, penye mwinuko wa karibu mita 1,200, litasoma kama 15. Arusha, karibu mita 1,400, litasoma 14 na nusu hivi. Nairobi, karibu mita 1,700, na kadhalika Mbeya, litasoma 13 ama 14, na fundi wa huko aliyekariri kwamba chini ya 17 ni ugonjwa ataanza kuutafuta ugonjwa usiokuwepo, na mtu akitafuta kwa bidii ndani ya injini hakosi kitu cha kubadilisha. Kinyume chake nacho ni kweli: gari linalosoma 14 na nusu pwani ni gonjwa, hata kama mwenyewe alipokuwa Arusha aliambiwa kwamba nambari hiyo hiyo ni njema. Mruko wa jaribio la kukanyaga ghafla nao hupungua kwa kiasi kicho hicho. Nairobi usitarajie 25, bali 19 au 20.

Mwendo wa mshale, lakini, haubadilishwi na mwinuko. Valvu iliyoungua hupiga mpigo wake ule ule Mbeya na Unguja. Kwa sababu hii fundi wa nyanda za juu na ajiwekee kanuni zake mwenyewe: akipata magari matatu manne ya aina moja yaliyo mazima, ayapime, aandike, na daftari hilo litamfaa zaidi ya kitabu chochote kilichochapwa ng'ambo. Na mwenye gari akiandikiwa nambari ya gari lake siku lilipo zima, amepewa mizani ya kulipima siku litakapougua.

Injini zisizopimika hivi

Injini ya petroli yenye turbo hupimika katika sailensa kama nyingine, ila geji yake iwe ya aina inayosoma pande zote mbili, ombwe na shinikizo, kwani turbo ikianza kusukuma hewa geji ya kawaida yaweza kuharibika. Zipo pia injini zilizoanza kutoka miaka ya 2000, kama zile za BMW zenye Valvetronic na za Toyota zenye Valvematic, ambazo huipima hewa kwa kuzifungua valvu kidogo au sana badala ya kukitegemea kilango; menifoldi zake hazina ombwe kubwa hata zikiwa nzima, na geji itazisingizia ugonjwa.

Ama dizeli, kwa kawaida haina kilango cha kuizuia hewa, hivyo menifoldi yake haina ombwe la kusoma. Hata hivyo gari la dizeli lenye sevo ya breki linahitaji ombwe, nalo hulipata kwa pampu ndogo inayozungushwa na injini, mara nyingi ikiwa nyuma ya alteneta. Geji iungwe kwenye mpira utokao pampuni, injini iwashwe, na kwa usawa wa bahari mshale upande upesi kupita 20 na kukaa. Ukipanda kwa kusitasita, au ukiishia njiani, ichunguzwe pampu pamoja na mipira yake kabla gari halijateremka mlima wowote, kwa kuwa dereva wake atalazimika kusukuma pedeli ya breki kwa nguvu za mguu wake mwenyewe.